Vyama vya Uholanzi Ndani ya Viatu vya Shule

Tangu nirudi Tanga mmekuwa mkija mmoja mmoja kuniuliza habari za Guangzhou, nami kila mmoja nimempa kipande chake. Walimu wenzangu nimewaeleza chakula. Jirani aliyetaka kujua kama kweli huko watu wanakula nyoka nimemwambia sikuona nyoka, niliona foleni. Lakini kuna kipande nimekuwa nikikiruka, na wenye macho makali mmeshagundua kwamba tukifika hapo mimi huinuka kwenda kuangalia chai jikoni. Leo nimekaa mezani, chai imeshaiva, naandika yote kwa mpangilio.

Mnanijua mimi ni mwoga. Miaka thelathini nimefundisha somo la uraia, nikiwaambia watoto wa watu wasimame na kusema wanachoamini, na mwenyewe nikiitwa ofisini kwa mkuu wa shule nasahau hata salamu. Mwoga huyo ndiye aliyefunga safari ya China na kitabu cha siasa mkobani.

Tanga hadi Dar es Salaam

Kitabu chenyewe mnakijua, wengine mmekisikia mpaka mmekichoka. Ni historia ya vyama vya siasa vya Uholanzi, kwa Kiswahili, kurasa mia mbili na ushee. Nilisoma huko miezi tisa nilipokuwa mwalimu kijana, nikarudi na makoti mawili na swali moja lisiloniacha: inakuwaje nchi ambayo, tangu watu wote wapewe kura, hakuna chama hata kimoja kilichowahi kupata wingi wa viti peke yake, isivunjike? Kila baada ya uchaguzi wanakaa mezani miezi kadhaa, mahasimu kwa mahasimu, mpaka serikali ipatikane. Mimi nisiyeweza hata kubishana na muuza mchicha nililipenda jambo hilo kuliko nilivyopenda maua yao.

Mchapishaji wa Dar aliniambia kikichapwa hapa nchini kitauzwa bei ya mbuzi. Mdogo wangu Idrisa, ambaye yuko Guangzhou mwaka wa kumi na sita akisafirisha mizigo ya wafanyabiashara, akasema kwenye simu, "Dada, njoo nacho tu. Huku wanachapa kila kitu." Hakuuliza kitabu kinahusu nini, alidhani ni cha shule. Mimi nami sikumweleza. Kwenye basi la Dar nilikipakata mapajani njia nzima, na abiria wa pembeni akaniuliza kama nimebeba keki.

Addis Ababa

Ndege yetu ilikawia saa tisa, mchana kutwa. Kwanza walisema mvua, kisha wakasema rubani, kisha wakaacha kusema. Watu waliokaa kimya saa mbili za mwanzo wakaanza kuundiana kambi: waliotaka hoteli, waliotaka ndege yoyote ile, na waliotaka chakula tu. Waliotaka chakula ndio walioshinda. Tukapewa injera, mkate wao mwembamba mchachu, na mchuzi mwekundu ulionitoa machozi, nikala wote kwa sababu nikiogopa huwa nakula.

Hapo ndipo nilipokaa na Wambui, mama wa Nairobi anayekwenda kununua viatu China. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea soko na macho yasiyopitwa na kitu. Akauangalia mkoba wangu.

"Mwalimu, hiyo kitu umeshika kama mtoto ni nini?"

Nikampa. Akafungua katikati, akakutana na sura ya nguzo nne. Nikamweleza: Waholanzi waliwahi kugawanyika makundi manne, Wakatoliki, Waprotestanti, wasoshalisti na waliberali, na kila kundi lilikuwa na chama chake, gazeti lake, shule zake, redio yake. Mkatoliki aliweza kuzaliwa, kuoa na kuzikwa bila kununua mkate kwa Mprotestanti. Hata wafuga mbuzi Wakatoliki walikuwa na umoja wao.

"Hadi mbuzi!" Wambui akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe ni kama kwetu tu. Kwetu ni makabila." Kisha akaacha kucheka. "Na China unaipelekea nini?"

"Kukichapa."

Akakifunga, akanirudishia, akatazama huku na huku kana kwamba tumeiba. "Mum, ficha hiyo. Mimi sijui sheria zao zinasema nini. Lakini huko sisi hatuongeangi siasa. Hata ya kwetu. Tunaongea viatu."

Akaniuliza nitafikia wapi. Nilipomtajia Idrisa akapiga makofi: kumbe ndiye wakala wake, mizigo yake yote hupitia kwake. "Huyo ni mtu safi," akasema. "Usimharibie."

Kuanzia hapo hofu ilinikalia kifuani. Ndani ya ndege nilipanga majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Tuliposhuka, askari wa pasipoti alitazama picha yangu, akanitazama mimi, akatazama picha tena. Akapiga muhuri. Mkoba ukapita kwenye mashine na mtu wa mashine alikuwa anapiga miayo. Nilijisikia mjinga, na hofu haikuondoka.

Xiaobei

Idrisa anakaa Xiaobei, upande wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, kwenye kichochoro kinachotokea mtaa wa Dengfeng. Ukitoka mlangoni unakutana na Mkongo anayeuza simu, mama wa Mali mwenye vitambaa, wabadilisha fedha waliosimama tu bila kibanda, na mgahawa wa Waislamu wa Kichina ambapo tambi zinavutwa kwa mkono mbele yako. Bakuli moja liliwatosha watu wawili, na mkate wao wa tanuri nilikula kila asubuhi. Huo ndio uzuri wa Guangzhou, nimeshausimulia.

Mke wake ni Mchina, lakini nyumbani hakuna anayemwita jina lake. Ni Mama Amina. Kiswahili chake ni cha jikoni na sokoni, na siku ya kwanza alinipokea kwa kusema, "Karibu wifi, umenenepa sana," nikajua Idrisa amemfundisha vizuri. Amina ana miaka tisa. Anasema Kiswahili cha Tanga kwa baba yake na Kichina kwa mama yake, na akikasirika anachanganya. Alinipa kitanda chake, yeye akalala na mama yake.

Siku ya pili, wakati wa chai, Idrisa alinionyesha karatasi ndogo aliyoihifadhi kwenye mfuko wa plastiki.

"Pasipoti yangu iko ofisi ya vibali, Dada. Kibali cha kukaa kimekwisha, nimeomba kipya. Sasa hivi mimi nina hii risiti tu."

"Wanakawia?"

"Safari hii wamekawia. Zamani ilikuwa wiki moja. Sasa wanauliza mpaka majirani."

"Na wakikataa?"

Akamtazama Amina aliyekuwa anafunga kamba za viatu mlangoni. "Naondoka. Mama Amina ana mama yake mgonjwa, hawezi kumwacha. Mtoto ana shule. Wao hawaondoki."

Tukanywa chai. Mkoba wangu ulikuwa chini ya meza, nikausukuma kwa mguu uende mbali.

Kwa Bi Chen

Kiwanda cha uchapaji alichonipeleka Idrisa kilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo lenye lifti ya mizigo. Mwenyewe, Bi Chen, mwanamke mfupi mwenye miwani kichwani, alikuwa na haraka zake. Hakutazama kitabu kinasema nini; alitazama karatasi, rangi na idadi. Tukaacha kazi, tukaambiwa turudi kesho kuona karatasi za majaribio.

Tuliporudi tulikuta kwa haraka zake ameshachapa mabunda ya sura tatu za kwanza. Rangi ya chungwa ambayo Waholanzi wanaipenda ilikuwa imetoka nyekundu kama damu, kurasa zote. Nikataka kulalamika. Lakini Bi Chen hakuwa yule wa jana. Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake, mkononi ana ukurasa wenye picha ya watu waliojaa barabarani na mabango, wafanyakazi wa zamani sana wakidai kura. Akatuonyesha ile picha kwa kidole mara tatu.

"*Bu yao*," Bi Chen akasema. Hilo nilishalijifunza sokoni: sitaki.

Idrisa akaanza kumweleza kwa Kichina, taratibu, akitabasamu. Bi Chen akawa anatikisa kichwa. Akaturudishia malipo yetu ya awali yote, hata ya karatasi iliyoharibika. Nikasema basi hizi mbovu wazitupe. Idrisa alipotafsiri, Bi Chen akayachukua mabunda yale moja moja na kunipakatisha mimi. Hakuyataka hata kwenye pipa lake la taka.

Nimeogopa mambo mengi maishani, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa ndani ya ile lifti, nikiwa nimekumbatia karatasi ambazo mwenye kiwanda anaogopa kuzitupa. Idrisa alitembea mbele yangu mpaka tukafika barabara kuu ya Huanshi. Hapo akasimama pembeni ya watu.

"Dada, hiki kitabu ni cha nini?"

Nikamwambia ukweli. Akasikiliza, akapangusa uso.

"Si kibaya," akasema. "Hakimtaji mtu wa hapa. Lakini nani atakaa chini akisome ndipo ajue si kibaya? Kisitoke mlangoni mpaka kibali changu kitoke. Nakuomba."

Nikaapa. Tukayaweka mabunda chini ya kitanda cha Amina. Kuyatupa kwenye taka za jengo hatukuweza, maana mlinzi husimama pale kuangalia nani ametupa nini kwenye pipa gani. Kuyachoma hatukuweza, nyumba ina kengele ya moshi. Nikawa nalala juu ya vyama vya Uholanzi na kila nikisikia viatu ngazini naamka.

Zhanxi

Sasa nifike kwenye kosa langu, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kusema.

Zhanxi ni pale karibu na stesheni ya treni, viatu na nguo kwa jumla, mikokoteni inakupita nyuma na mbele na kila mtu anapiga kelele ya bei. Idrisa alikuwa amenunua mzigo wa viatu vyeusi vya shule, na Wambui naye vyake, vyote viende kontena moja. Wenzetu hawa hawasafirishi maboksi ya viatu. Boksi ni hewa, na nafasi ya kontena hulipiwa. Kwa hiyo viatu hutolewa kwenye maboksi, kila kimoja kikajazwa karatasi ndani kisibonyee, kisha vinapangwa kwenye katoni kubwa. Kazi hiyo hufanyika ghalani, na karatasi za kujazia hununuliwa palepale.

Siku ya kupakia Idrisa aliitwa ofisi ya vibali kuulizwa maswali. Akaniomba nikamsaidie Wambui kusimamia. Tukafika, karatasi za kujazia zimekwisha, mwenye ghala anasema *meiyou, meiyou*, hakuna, subirini kesho. Kontena lilikuwa linafungwa jioni ileile.

Nikafikiria mabunda yangu. Nilijiambia karatasi iliyofinyangwafinyangwa si kitabu tena. Nilijiambia zikitoka nyumbani kwa Idrisa yeye ndiye atakayepumua, na kiapo changu nikakifumbia macho. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu na sijawahi kutupa karatasi, nilijiambia pia kwamba zikifika Tanga nitazinyoosha kwa pasi. Nikapanda teksi, nikarudi nazo kwenye mfuko mkubwa wa kufulia.

Wambui alichukua ukurasa wa juu, akausoma midomo ikicheza. "Idrisa anajua?"

"Anajua ziko nyumbani."

"Sikuuliza hivyo, mwalimu."

"Ni karatasi tu, Wambui."

Alinitazama, akatazama saa, akatazama rundo la viatu. Kisha akachukua karatasi zake za pembeni alizokuwa amebakiza, akajaza viatu vyake mwenyewe kwa hizo, na zangu akaniachia mimi na wapakiaji. Nami nikaketi kwenye kigoda nikamfinyanga yule mchungaji mhariri wa gazeti aliyeanzisha chama cha kwanza nchini kwao, nikamtia kwenye kiatu namba thelathini na mbili. Nikatia namna Waprotestanti na Wakatoliki, waliochukiana karne kadhaa, walivyoshikana mikono ili shule zao za dini zipate fedha za serikali. Nikatia ile serikali iliyoanguka kwa ajili ya balozi mmoja wa kupelekwa kwa Papa. Nitasema kweli: mchana ule, kwa mara ya kwanza tangu Addis, nilijisikia mwepesi. Nilipiga hata mluzi.

Jioni Idrisa alirudi, maswali yalikwenda vizuri. Akala sana. Sikumwambia.

Ghalani

Simu ilikuja keshokutwa yake asubuhi, kontena likiwa bado ghalani likingoja lori. Wakaguzi walikuwa wanapita maghala kutafuta viatu vya nembo za kughushi. Vya Idrisa havina nembo yoyote, ni vya shule. Lakini walifungua katoni, wakatoa kiatu, wakatoa karatasi, wakaikunjua.

"Wanasema kuna maandishi na picha za mabango kwenye mzigo wangu," Idrisa akasema, simu bado iko sikioni. "Maandishi gani?"

Alinitazama usoni na akajua. Hakufoka, na heri angefoka. Akavaa shati safi.

Nilimfuata. Njiani nilitaka kusema samahani mara nne, na kila mara niliishia kumuuliza jina la mtaa.

Ndani ya kiofisi cha ghala kulikuwa na wanaume watatu nyuma ya meza. Karatasi zangu zilikuwa zimenyooshwa mbele yao na kukandamizwa kwa chupa ya chai. Pembeni alikaa binti wa Kichina mwenye nywele fupi, akasimama kutusalimia.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba. Jina langu la Kiswahili ni Tumaini. Nimesoma lugha yenu chuo kikuu. Leo nitatafsiri."

Kiswahili chake kilikuwa kisafi kuliko changu, na hilo liliniogopesha zaidi. Nilikuwa nimetegemea kwamba hawataweza kusoma.

Mkubwa wao, mtu mzima mwenye sauti ya chini, akampa ukurasa. Tumaini akasoma kwanza kwa Kiswahili, kwa utaratibu, ndipo akatafsiri:

"'Katika bunge la Uholanzi, mjumbe yeyote anaweza kudai kura ya majina. Hapo kila mjumbe huitwa kwa jina lake, naye hujibu kwa sauti kwamba anaunga mkono au anapinga, na jibu lake huandikwa. Hawezi kujificha nyuma ya chama chake.'"

Sentensi hizo niliziandika mimi, barazani kwangu, kwa kujivunia. Mkubwa akasikiliza tafsiri, akauliza kitu.

"Anauliza, hii ni nini?"

"Historia," Idrisa akasema.

"Ya China?"

"Ya Uholanzi."

Wale watatu wakatazamana. Wakasemezana kidogo.

"Anauliza," Tumaini akasema, na hata yeye alionekana angependa kujua, "kwa nini historia ya Uholanzi iko ndani ya viatu vinavyokwenda Tanzania?"

Siku nyingine tungecheka. Idrisa akaeleza habari ya karatasi za kujazia, kwamba zilikwisha, kwamba hizi zilikuwa karatasi mbovu za kiwandani. Alieleza vizuri, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwepo. Mkubwa akaandika. Kisha akaweka kalamu chini.

"Anauliza, ni nani aliyeandika maneno haya?"

Neno lilikuwa moja, mimi. Nilikuwa nalo mdomoni. Nilifikiria chumba kisicho na dirisha, nikafikiri sijui lugha yao, nikafikiri sitaiona Tanga tena. Niliangalia ile chupa ya chai. Ilikuwa na maua ya buluu na kifuniko kimepasuka. Niliiangalia kwa muda ambao mpaka leo sijui ulikuwa mrefu kiasi gani.

"Mimi," Idrisa akasema.

Tumaini hakutafsiri mara moja. Alinigeukia mimi kwa upole. "Mama, wewe unafanya kazi gani?"

"Nimestaafu," nikasema.

Akatafsiri. Karatasi ikaletwa, Idrisa akaandika jina lake na namba ya ile risiti ya ofisi ya vibali, akatia kidole kwenye wino mwekundu na kugandamiza juu ya jina. Wakachukua karatasi zao zilizonyooshwa. Tukaambiwa tuzitoe zilizobaki kwenye viatu vyote, ndipo mzigo uondoke. Tulikaa sakafuni mimi, Idrisa na Wambui, ambaye alikuja bila kuitwa, tukachomoa kiatu kimoja kimoja mpaka vidole vikawa vyeusi. Wambui akasema, "Pitisha hiyo katoni."

Tulipotoka nikamuuliza Idrisa kwa nini.

"Dada, wewe ndiye uliyenilea. Niwaache waandike jina lako kule, ugenini, halafu nyumbani nikaseme nini? Mimi wananijua. Miaka kumi na sita sijavuka hata taa nyekundu. Hawatanifanya kitu."

Nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini. Nilibaki Guangzhou siku sita baada ya hapo. Njia ya ghala niliijua, hata neno la Kichina la "mimi" nilikuwa nimeshalijua. Siku sita hizo nilikwenda kununua vitenge mlivyoniagiza.

Kurudi

Siku ya mwisho kabla ya ndege yangu, ofisi ya vibali ilimwita. Walimpa pasipoti yake na siku thelathini za kufunga shughuli. Sababu hawakusema, na yeye hakuuliza. Inawezekana karatasi zangu hazikuhusika kabisa. Wambui anasema wako wengine walionyimwa mwezi uleule ambao hawajawahi kushika kitabu. Nimejaribu kulalia hilo, halilaliki.

Njia ya kurudi sina la kusimulia. Ndege haikukawia hata dakika moja. Chakula kilikuwa kuku au samaki, nikasema vyovyote.

Idrisa alinifuata baada ya mwezi. Mmemwona, yuko chumba cha uani, na wengi wenu mmenunua viatu vile kwake na mmeisifu ngozi ya viatu hivyo. Mnapomuuliza amekuja likizo ya muda gani anacheka na kuwaambia ameichoka tambi. Anasema ataomba upya mwakani. Mswada wangu uko kabatini, na mchapishaji wa Dar amepiga simu mara mbili kuuliza habari zake. Idrisa hajawahi kunisema, hata kwa mafumbo, na ananisalimia shikamoo kila asubuhi kama zamani.

Kila siku kabla ya saa sita mchana, kule kukiwa tayari jioni na Amina ametoka shule, humpigia baba yake. Jumatano iliyopita Idrisa alikuwa uani anafua, simu ikalia mezani kwangu, nikapokea. Sura ya Amina ikajaa kwenye kioo, bado amevaa skafu nyekundu ya shule.

"Shangazi, shikamoo. Baba yuko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Anafua, nakuitia."

"Ngoja kwanza." Akausogelea uso wake karibu, akashusha sauti. "Mama hataki kuniambia. Baba aliandika nini kibaya?"

Dirishani nilimwona Idrisa akikamua shati, mgongo ameugeuzia kwangu. Hakuna mwingine aliyekuwa ananisikia.

"Baba hakuandika kitu," nikasema. "Niliandika mimi. Wakauliza nani, nikaogopa, nikanyamaza."

Amina hakukasirika, alikuwa anahesabu jambo kichwani kama watoto wanavyohesabu.

"Sasa mbona aliyeondoka ni baba?"

Maji yalikuwa yameacha kumwagika uani. Idrisa akaingia, mikono imelowa, akaifuta kwenye suruali na kuninyooshea mkono. Nikampa simu.